Kibuyu Ambacho Hakikuonjwa

Wajukuu zangu hapa Kashai wamenipiga marufuku kukaa sebuleni wakati wa tamthilia. Wanasema nawaharibia utamu. Mimi sijaharibu chochote, nasema tu ninachokiona. Juzi mama mkwe mmoja kwenye runinga, mwanamke wa kope za bandia na kucha ndefu ambazo haziwezi kumenya hata ndizi moja, alimtilia mkwewe sumu kwenye juisi. Akampa huku anatabasamu, na yule binti akainywa yote. Nikapiga kelele, "Mwambie aonje kwanza yeye mwenyewe, mjinga wewe!" Mjukuu wangu mkubwa akapunguza sauti, akanigeukia. "Bibi," akasema, "haya ni maigizo."

Najua ni maigizo. Nilikuwa naigiza kabla mama yake hajazaliwa, na ndiyo maana yananiudhi. Katika tamthilia hizi watu wanalala na wigi na kuamka nalo limenyooka vilevile. Nyumba zote zina ngazi za ndani, na kila ngazi ina mtu wa kusukumwa. Hakuna anayekwenda kazini, lakini kila mtu ana gari. Mgeni anafika, anatukanwa, anaondoka, na muda wote huo hakuna aliyemkaribisha hata maji. Mwenye siri anaisema peke yake kwa sauti kubwa, mlango uko wazi. Inachukua miezi minane mtoto kujua baba yake ni nani, wakati kijijini kwetu jambo la namna hiyo lingejulikana kabla ya chai ya saa nne.

Na matamasha ya muziki ndiyo msiniguse kabisa. Waliwahi kunipeleka kwenye moja hapa mjini. Tuliambiwa saa nane, mwimbaji akapanda jukwaani saa kumi na mbili. Akauliza, "Bukoba, mko tayari?" Tulikuwa tayari tangu saa nane. Akauliza tena, na tena, kisha wimbo ukaanza na sauti yake ikatoka kwenye spika wakati yeye mwenyewe anakunywa maji ya chupa. Watu wakashangilia. Nikawaambia wajukuu kwamba nimewahi kuona tamasha la kweli, kule Muleba, na kwamba siku hiyo nusura nife kwa hofu. Hawakusikia, spika zilikuwa zinapiga kelele. Basi nalieleza hapa.

Ukali wangu haukuanza na runinga. Niliurithi kwa babu yangu, aliyenilea Kagoma pamoja na bibi wakati baba na mama wako Uganda kikazi. Babu alikuwa mwenye nyarubanja. Kwa asiyejua: zamani huku kwetu mtu mkubwa alipewa eneo lenye vibanja vingi vya migomba na kahawa, na familia zilizoishi humo zikawa watwarwa wake. Walilima wao, na kila msimu wakampelekea sehemu yake pamoja na rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakiwa wamepiga magoti. Baada ya Uhuru serikali ikaufuta utaratibu huo, vibanja vikawa vya wale waliovilima. Babu akabaki na kibanja chake kimoja, nyumba ya bati, koti la sufu, kanzu nyeupe ya Jumapili, na redio.

Redio ndiyo ilikuwa raha yake. Siku ya mchezo wa redio aliiweka mezani akaketi mbele yake amevaa koti, kana kwamba waigizaji wangemwona. Dakika mbili zilimtosha kuanzisha ugomvi. "Mwongo huyo! Mkwe gani anaingia bila hodi?" Au, "Amemwacha mgeni bila kumpa mwani!" Mwani ni zile buni zinazochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, ambazo mgeni kwetu hupewa atafune, na nyumba isiyotoa mwani huhesabiwa haina adabu. Waigizaji wa redio hawakuwa na adabu hata chembe, na babu aliwafundisha kila wiki. Bibi alikuwa akisema, "Mwacheni, amepata watu wengine wa kuwaamuru."

Alisema kwa mzaha, lakini tangu sheria ibadilike hakuna mtu aliyekuja tena nyumbani kwetu. Jirani yetu wa upande wa bondeni, mzee wa rika la babu, alikuwa mtwarwa wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa mzee huyo alipita njiani bila kutusalimu, na babu akaangalia upande mwingine. Mikutano ya kijiji babu aliacha kwenda, maana neno kabaila lilikuwa halikosekani katika hotuba, na kabaila wa karibu alikuwa yeye. Alikuwa anazeeka ndani ya nyumba pamoja na sauti za watu asiowajua. Niliyaona hayo yote na yaliniuma, ndiyo maana nilichokifanya baadaye kinanitia aibu mpaka leo.

Miaka ile ya mwanzo ya ujamaa, kila kijiji kilitakiwa kupeleka kitu kwenye sherehe za Uhuru: ngoma, kwaya, au mchezo wa kuigiza. Mwalimu wa shule yetu akaandika mchezo. Ndani yake kulikuwa na kabaila mnene anayekunywa rubisi ya wanyonge mpaka siku wananchi wanapoamka na kumfukuza. Vijana wote wakataka kuwa wananchi wanaoamka. Hakuna aliyetaka kuwa kabaila, kwa sababu kabaila halisi aliishi jirani kabisa na shule na alikuwa na fimbo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, niko katika kikundi cha vijana. Nikasema, "Nitakuwa mimi."

Mwalimu akaguna, msichana awe kabaila? Nikasimama, nikatoa tumbo mbele, nikafunga mikono nyuma, nikatembea polepole hadi ubaoni, na kabla ya kusema neno nikakohoa kidogo, kikohozi cha babu. Darasa zima likaangua kicheko, wengine wakashika mbavu. Kicheko kile ndicho kilichoniponza. Ningependa kusema nilisukumwa na siasa, nilikuwa naamini usawa wa binadamu na kadhalika. Hapana. Nilipenda kuchekesha watu, na mtu wa kuchekesha niliyemjua vizuri kuliko wote ni yule aliyenilea.

Mtwarwa akachezwa na kijana wa yule jirani yetu. Tulifanya mazoezi wiki tatu, na kila siku nilirudi nyumbani kumwandalia babu chakula nikiwa nimetoka kumcheza. Niliogopa kumtazama usoni. Angejua, angenifukuza, na angekuwa na haki. Kilichoniogopesha zaidi ya kufukuzwa ni kwamba angejua kuwa hata ndani ya nyumba yake hana mtu. Siku mbili kabla ya sherehe nilifungua sanduku lake polepole, nikatoa kanzu ya Jumapili, nikaificha chini ya godoro langu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikamdanganya. "Ni kwaya tu, babu, utachoka bure. Na Walutheri wa Kagondo wanakuja na tarumbeta."

Babu alikuwa Mkatoliki wa kulala na rozari. Alisema tarumbeta za Walutheri zinamuuma meno. "Nenda, mwana wange," akasema. "Mtanisimulia." Nikamshukuru Mungu kwa kuwaumba Walutheri.

Sherehe tuliambiwa saa tatu, mgeni rasmi akafika saa saba, kwa hiyo msidhani yule mwimbaji wa Bukoba amevumbua kitu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja wa Muleba ulikuwa tope jekundu. Kwaya saba ziliimba wimbo uleule mmoja, kila moja ikiweka jina la kijiji chake mahali pa jina la kijiji. Ya tano ilisahau kubadilisha, ikakisifu kijiji cha kwaya ya nne kwa moyo wote, na wale wa nne wakasimama kupiga makofi. Mzee mmoja wa enanga, kile kinanda chetu cha kamba, alianza kuimba habari za wafalme wa kale, akakatizwa kwa kuwa wafalme hawakuwa kwenye ratiba. Hotuba zilikuwa nne. Zote zilianza kwa kusema zitakuwa fupi. Lakini Wakagondo walipopuliza tarumbeta zao nilisisimka mwili mzima, na nakiri hilo ingawa mimi ni Mkatoliki pia.

Kisha zamu yetu ikafika. Nilitoka nyuma ya pazia la shuka nimevaa kanzu ya babu, mto umefungwa tumboni, fimbo mkononi. Nikakohoa. Uwanja ukacheka. Nikageuka kuwatazama vizuri hao wanaonipenda namna hiyo, na katika benchi la wazee, safu ya mbele, nikamwona babu.

Alikuwa amekuja na lori la ushirika lililobeba kahawa. Alivaa kanzu yake ya shambani, yenye viraka viwili kifuani, kwa sababu ile nzuri nilikuwa nimeivaa mimi. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anaitazama kanzu. Maneno yote ya mwalimu yakapotea. Niliomba mvua irudi, au ardhi ipasuke, au Walutheri wapulize tena.

Mwenzangu, kijana wa jirani, hakuona kitu. Akaja na kibuyu kidogo chenye mrija kama tulivyofanya kwenye mazoezi, akaweka goti moja chini, akaninyooshea kibuyu kwa mkono mmoja. Nikakipokea ili angalau nijifiche nyuma yake. Nikapeleka mrija mdomoni.

"Leka! Acha!"

Sauti ile niliijua. Ndiyo iliyokuwa inaigombeza redio. Babu alikuwa amesimama, fimbo juu, na kabla mtu hajamzuia alikuwa ameshafika katikati yetu.

"Hakuonja!" aliuambia uwanja mzima. "Mmeona? Amempa bila kuonja. Anayeleta ndiye anayeonja kwanza, hata mtoto anajua. Huyu mtu anamchukia, na yeye anakunywa tu! Kabaila gani mjinga kiasi hiki? Angekuwa amekufa siku ya kwanza!"

Watu wakavunjika mbavu. Mgeni rasmi alikuwa anapangusa machozi kwa leso. Mwalimu wetu pale pembeni alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Babu akamgeukia kijana. "Na wewe, nani alikufundisha kupiga goti? Unafunga kamba za viatu? Baba yako hakupiga hivyo hata siku moja."

Hapo kicheko kikapungua, kwa sababu baba yake alikuwapo. Alisimama upande wa kulia, karibu na mabenchi ya kwaya, na watu wa Kagoma wote wakamtazama.

"Nipe," babu akaniambia, akanipokonya kibuyu. Akamsukuma kijana kando, akamkabidhi fimbo yake. "Tazameni, maana wengine hamjawahi kuona."

Akapiga magoti kwenye tope. Magoti yote mawili. Akainamisha kichwa, akashika kibuyu kwa mikono miwili, akaonja kidogo, akaupangusa mrija kwa kiganja, kisha akainua kibuyu juu kuelekea kwangu bila kunitazama. "Waitu," akasema, neno ambalo kwetu mdogo humwitia mkubwa. Hakukosea hata kitu kimoja. Alikuwa ameyaona hayo kwa miaka ishirini akiwa kwenye kiti.

Nikanyoosha mkono haraka nichukue ili yaishe. Babu akanong'ona, kichwa bado kimeinama, "Usipokee haraka. Mimi sikuwa napokea haraka."

Basi nikangoja. Sijui nilingoja kwa muda gani. Nilisimama na mto wangu tumboni na kanzu yake mwilini, na babu yangu ananipigia magoti na viraka vyake, na mbele yetu wamekaa watu waliowahi kumpigia. Niliona mikono yake inaanza kutetemeka na kibuyu kinatetemeka nayo. Hapo ndipo nikapokea.

Akajaribu kuinuka, goti likakataa. Akajaribu tena, akashika tope. Watu wachache wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo, kisha wakaacha. Mimi nilitaka kumshika lakini nilikuwa na kibuyu mkononi na fimbo kwapani na akili haikuwepo. Aliyekuja ni jirani yetu. Aliruka benchi la kwaya, akapita mbele ya mgeni rasmi bila kuomba njia, akamwingiza babu mikono makwapani kwa nyuma, akamnyanyua. Wakasimama karibu sana, wazee wawili wenye tope.

"Yanauma," babu akasema.

"Yanauma," jirani akasema.

Hayo tu. Mgeni rasmi akasimama kupiga makofi, na uwanja mzima nao, kwa kuwa aliamini tumefanya mazoezi. Baadaye katika hotuba yake, ya tano, alisema hajawahi kuona unyonyaji ukionyeshwa waziwazi namna ile, na akamsifu sana yule mzee mwigizaji. Mwalimu wetu aliinama kupokea sifa bila haya yoyote. Katika mashindano ya siku hiyo tulipata nafasi ya pili na majembe mawili. Wa kwanza walikuwa Kagondo na tarumbeta zao, na walistahili.

Tulirudi na lori la ushirika, mimi na babu tumekaa juu ya magunia matupu. Nilikuwa nimevua kanzu na kuikunja vizuri mapajani, nikingojea hukumu. Tulipita vilima viwili. Kisha akasema, "Kikohozi changu si hicho. Ulikohoa kama mbuzi."

Nikalia. Nililia na kucheka kwa pamoja, kamasi zikanitoka, na sikumbuki siku nyingine ambayo kifua changu kimepata nafuu namna ile, hata nilipojifungua salama mtoto wangu wa kwanza. Nilipopata sauti nikamuuliza alijuaje.

"Sanduku lile lina bawaba zinazolia," akasema. "Nilikuwa macho."

"Mbona hukunikataza, babu?"

"Nilitaka kuona nikoje," akasema.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa tumekaa barazani. Redio ilikuwa ndani, imezimwa. Jirani akapita njia ya chini kama kawaida yake, akafika kwenye mlango wa ua wetu, akasimama. Hakubeba kitu. Bibi akamkaribisha mwani, akachukua buni mbili, akaketi kwenye kiti ambacho babu alimsogezea kwa mguu. Mimi nilikuwa naomba mmoja wao aseme chochote, hata kuhusu mvua.

Babu akainuka, goti moja likimuuma, akaingia ndani mwenyewe. Akatoka na kibuyu cha rubisi aliyoitengeneza yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, maana zamani rubisi ililetwa tu. Akasimama mbele ya jirani, akakishika kwa mikono miwili. Akaonja. Akapangusa mrija kwa kiganja, akampa.

Jirani alipokea polepole. Alichukua muda wake wote, na babu akangoja amesimama. Kisha akavuta kwa mrija, akaishikilia rubisi mdomoni, akaimeza kwa taabu.

"Hii ni mbaya," akasema. "Ulitia mtama mwingi mno. Haifai hata kuwapa mbuzi."

Bibi akaziba mdomo kwa kanga. Babu akamtazama mtu ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kumwambia kitu chochote ni kibaya, akavuta kiti kingine, akakaa karibu yake.

"Basi nieleze," akasema. "Wewe huwa unatia kiasi gani?"